Nilivyoipitisha Kompyuta ya Mizani

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo sikuchuma hata kikapu kimoja. Nimekuwa mkaguzi! Fundi Wambugu amekuja kutoka Kericho mjini kutengeneza kompyuta ya banda la mizani. Mtu akipima chai, ilikuwa ikituma jina na kilo zake kwenye terminali, ile skrini nyeusi, herufi moja moja, kila moja ikingoja nyingine ifike. Foleni mpaka barabarani, majani yananyauka. Sasa fundi amebadilisha mfumo endeshi: herufi zinakusanywa kwanza, kisha zinatoka pamoja. Meneja alitaka mchumaji mmoja aipitie kazi hiyo na kuweka sahihi. Akauliza nani amesoma kompyuta. Nikainua mkono. Shuleni kwetu Bondo kulikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa nakung'uta kitambaa.

Kiti kina mto. Shambani sirudi.

Jumanne, 7 Oktoba
Wambugu ameniachia karatasi ya majaribio manne. La kwanza ni kasi. Nimeingiza majina mia moja, yakatoka yote kwa mkupuo. Raha tupu. La nne linasema nichomoe plagi katikati ya kazi nione kilichobaki. Nani huchomoa plagi ya kitu kinachofanya kazi? Nyatichi, ninayelala naye chumba kimoja, aliuliza kama nimemaliza yote. Nikamwambia mambo haya yanataka shule. Nimeweka tiki nne na sahihi. Sahihi ndefu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Foleni iliisha saa tisa. Nikapigiwa makofi. Kisha ngurumo. Huku Kericho radi ikianza, kila mtu anachomoa plagi, nami nikachomoa. Kompyuta ilipowashwa tena, jina la Mama Edinah halikuwemo. Yeye hupima wa mwisho kila siku, mguu wake mbovu. Msimamizi Kipkemoi, ambaye alikuwa nje kwenye lori, akasema mashine imekaguliwa, kwa hiyo labda mama hakupima. Watu wakacheka.

Mama akanigeukia. "Calvince, wewe ulikuwa hapo. Kilo ishirini na tatu, nimezibeba na huu mguu."

Nilimwona akipima. Nikasema sikuangalia vizuri.

Jioni Wambugu akapiga simu. Akaeleza kwamba huenda kilo za mama zilikuwa bado zinakusanywa umeme ulipokatika. Lakini, akauliza, si nilijaribu kuchomoa plagi? Nikasema nilijaribu. Mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ugali haushuki. Nyatichi ameuliza kama mkaguzi anautafutia makosa. Mama Edinah alipita karibu na banda akanisalimia, "Chamgei," kama siku zote. Afadhali angenitukana. Nilijificha nyuma ya magunia mpaka akaenda.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimesema. Mbele ya foleni nzima, macho chini, kwamba mama alipima na mimi nilimwona, na lile jaribio la nne sikuligusa. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Kipkemoi akaziandika kilo ishirini na tatu kwa mkono, akanitoa kwenye kiti bila kunitazama.

Mama Edinah akasema, "Sawa, mwanangu. Sasa beba kikapu changu."

Nimebeba vikapu viwili mchana kutwa. Mgongo si wangu. Nimeapa: sitasema tena kitu nisichokijua.

Jumatatu, 13 Oktoba
Niko kwenye mistari ya chai tangu alfajiri. Inasemekana Wambugu ana dawa ya ule ugonjwa: kila mtu akimaliza kupima, yaliyokusanywa yatolewe papo hapo. Anataka mkaguzi. Nyatichi amejitolea, eti atafanya kila jaribio mara tatu. Nyatichi, aliyeishia darasa la saba! Sikuweza kuvumilia. Nikainama kati ya michai, nikampigia Wambugu, nikamwambia nimeshaikagua ile mpya, inafanya kazi vizuri sana, alete tu karatasi niweke sahihi.

"Calvince," akasema, "bado sijaitengeneza."

Nikamwambia kwa hali hiyo haina kosa hata moja.