Maharage ya Mdomoni mwa Gunia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Keza, mjukuu wangu, tangu Pasaka hujakanyaga hapa! Huko Mwanza umepata bibi mwingine? Daftari hili nakuwekea chini ya mto wangu, ulisome na aibu ikushike. Shule sikwenda. Herufi hizi ni za ngumbaru, zivumilie.

Habari kubwa: Alhamisi mkaguzi wa mbegu anakuja. Shambani walishapita, maharage yakiwa na maua, wakakuta nimeng'oa kila mche mgeni. Sasa zamu ya gunia. Likipita, linapata lebo, linauzwa kama mbegu. Likianguka, ni maharage ya chungu tu. Naitaka lebo hiyo kabla ya mvua!

Jirani yangu Domisiana naye ana gunia. Aina ileile, ila yake manene, yanang'aa kama viatu vya padri. Kasema yangu yamekonda kama mwenye shamba. Sawa.

Jumatano, 6 Agosti

Domisiana kaenda kusali jumuiya. Maharage yake kayaanika juu ya bati, jua kali, hayana mlinzi. Nikachota pishi mbili. Si wizi! Nimemwachia pishi mbili za kwangu. Yake nimeyamimina mdomoni mwa gunia langu. Mnunuzi wa sokoni huchungulia juu, husifu, hubeba. Mkaguzi ni nani hata achungulie chini?

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Mkaguzi ni binti mdogo, Adelfina. Kaniamkia vizuri, shikamoo Bibi. Nikampa ndizi mbivu, nikamwonyesha mdomo wa gunia. Akashukuru. Kisha akatoa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia. Juu! Katikati! Chini kabisa! Nikamwambia chini kuna vumbi, mwanangu, utachafuka. Akacheka, akachoma tena.

Kayachanganya yote, kafunga kimfuko. Kasema sasa watapima uotaji: punje mia kwenye mchanga, zikiota themanini nimepita. Nikamwambia mimi nimeshaota tangu juzi, kila nikifumba macho naiona lebo. Domisiana, aliyekuwa hapo akingoja zamu ya gunia lake, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 26 Agosti

NIMEPITA! Themanini na tatu! Nimepiga vigelegele hadi mbuzi wa Thobias, nyumba ya pili, wakakata kamba. Lebo iko kwenye gunia. Usiiguse kabla hujanawa mikono.

Domisiana kapata hamsini na nane. Adelfina kamweleza kwamba bati la moto limeyaunguza kwa ndani, uhai umetoka. Mazuri ya macho, ya kupika tu. Domisiana akalia. Huyu ndiye aliyempokea mama yako mikononi siku anazaliwa! Nikamvuta nyumbani, nikampimia debe zima la mbegu niliyojiwekea kupanda mwenyewe. Nikamwambia panda, mjinga wewe, na usinishukuru. Akanishukuru. Tukalia wote wawili, vikongwe wazima.

Kisha Adelfina akaniita pembeni. Kasema punje zangu kumi na saba zilizokataa kuota zote ni nene, zinang'aa. Kaniuliza, Bibi, hizo zilitoka wapi? Nikamuuliza yeye kama ameolewa.

Jumatano, 27 Agosti

Nimelitafakari jambo hili nikimenya ndizi. Adelfina bado mtoto, hajui. Yale manene ndiyo yaliyomjaza macho, yangu yakapita nyuma yake kimyakimya. Kama pishi mbili tu zimenifikisha themanini na tatu, pishi nne si ningepata mia?

Mwakani nalima mbegu ya mahindi. Deodata wa kule bondeni ana mahindi yenye punje kama meno ya ng'ombe. Kwa hiyo ukija, Keza, usije kwangu moja kwa moja. Pitia kwa Deodata, mwamkie kwa heshima, kaa, kunywa uji wake, msifie wajukuu. Na ubebe kikapu kikubwa, kitupu.