Dawa ya Kuziba Mlango wa Jiko

Jumatatu, 3 Machi
Miaka ishirini na mbili naosha chupa za maabara hii. Sijavunja hata moja! Zile tatu zilijivunja zenyewe.

Leo Dokta, yule binti anayeniita babu, kanieleza utafiti wake. Eti ndani ya chembe ya hamira mna majiko madogo madogo. Protini nyingi zinatengenezwa nje ya jiko, kisha zinapita mlangoni. Yeye anatafuta dawa ya kuziba huo mlango. Jiko likikosa protini, hamira haikui. Nikamwambia ujanani nilifunga mlango wangu hivyo hivyo, simba akabisha hodi siku mbili. Kacheka! Hajui alivyobisha kwa adabu.

Profesa, mkuu wa maabara, kasema dawa isipofanya kazi Ijumaa, chumba kinafungwa. Na mimi nyumbani! Mke wangu keshanipangia kazi. Kuku arobaini, banda moja, fagio moja.

Jumanne, 4 Machi
Bawabu, tunamwita Redio, kauliza kama kuku wameshaandaa hotuba ya kunipokea. Mshenzi yule.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia sahani za hamira. Safu ya juu imewekwa dawa. Ya chini, hata tone! Dokta kasahau nusu nzima. Vijana wa siku hizi! Alipotoka kwenda kula, nikashika kimrija chake cha kudondoshea dawa. Tone, tone, tone. Kila sahani imepata haki yake. Kazi yangu imepona.

Ijumaa, 7 Machi
Safu zote mbili kimya. Hakuna hamira iliyoota! Nikapiga makofi. Peke yangu.

Dokta kakaa chini, machozi yanamlenga. Kumbe ya chini iliachwa makusudi ikue, ili ijulikane ya juu imezuiwa na dawa, si chakula kibovu. Profesa kauliza nani kagusa. Nikasema mende. Kimrija kikachungulia mfukoni mwangu. Redio, pale mlangoni, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Dokta kaniombea msamaha, mtoto wa watu. Tumepewa wiki moja, kila kitu upya. Mimi marufuku kusogelea sahani, nikae hatua tano mbali.

Jumatatu, 10 Machi
Sahani mpya! Sasa sayansi yote ninayo kichwani: safu ya chini lazima ikue. Basi nimekuja na sukari ya nyumbani ya kuilisha. Nimeunganisha mipini mitatu ya fagio, kijiko nimekifunga mbele. Hatua tano kamili, nimepima. Na ya juu nitaionjesha kidogo, isije ikanuna.