Nyonga ya Mkuu na Funguo Kumi na Saba

Mkuu wa ofisi yetu hapa Muleba, Bwana Mwesiga, aliumwa nyonga ya kulia, upande wa nje. Iliwaka kama imemwagiwa chai, halafu paja likafa ganzi mpaka karibu na goti. Ofisi ikatangaza kwamba maumivu hayo yametokana na utumishi, na wananchi waendelee kuwa watulivu.

Kamati ya watu saba iliundwa. Mimi, mhudumu, niliingizwa kwa uzoefu wangu wa kufuta viti. Tulichunguza kiti cha mkuu siku nne, tukaenda Kamachumu kukilinganisha na kiti cha huko, tukaandika kwamba kiti hakina kosa ila kihamishwe. Kikahamishwa. Nyonga ikabaki palepale.

Wananchi nao walisubiri kama kawaida. Mkuu alifunga funguo kumi na saba kwenye mkanda: wa kabati la mhuri, wa karatasi, mpaka wa choo. Mwenye shida yoyote alimfuata yeye. Niliwahi kuhesabu shikamoo arobaini kwa siku.

Mwishowe tulimpeleka Bukoba. Tabibu, mama anayeitwa Nasma, hakuuliza habari za kiti. Alibonyeza kidole kando ya mfupa wa nyonga, pale mkanda unapopita. Mkuu akaruka.

"Mshipa wa fahamu unabanwa hapa," alisema. "Dawa nitakupa, lakini legeza mkanda na utoe hizo funguo."

"Waitu," mkuu alimsihi kwa Kihaya, "funguo ndiyo ofisi."

"Basi ofisi ndiyo inayokuuma, baba."

Wajumbe tukatazama dari.

Tuliporudi, kamati iliazimia funguo zisiguse tena mkanda wa mkuu. Mkuu akaligongea azimio mhuri mwenyewe, nami nikapigilia misumari ukutani ya kutundikia funguo. Kesho yake Restituta wa masjala alijichukulia ufunguo, akamaliza barua za wiki nzima kabla ya saa nne. Bibi Kokushubila, aliyefuatilia barua moja tangu msimu wa kahawa uliopita, aliipokea akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki.

Wiki ya sita nyonga ilipoa. Mkuu akaomba funguo zake. Restituta, kwa heshima zote, akamwonyesha azimio na mhuri wake.

Sasa anatembea vizuri kabisa. Imegharimu matundu mawili ya mkanda, misumari kumi na saba, na shikamoo thelathini na nne kwa siku. Zimebaki sita. Moja ni yangu.