Alasiri ya Mabwana wa Bandari

Jumatatu, 4 Machi

Aibu ya jana nimelala nayo, nimeamka nayo. Baa moja ya Devonport ilitualika kwenye onyesho la malkia, wale wanaume wa magauni na mawigi wanaopendwa na kila mtu. Sisi ni wafalme: wanawake tunaopanda jukwaani kama wanaume, kwa suti, ndevu za gundi na kifua kilichobanwa. Tukapewa dakika tano. Zile ambazo malkia walizitumia kubadilisha viatu. Watu wakaenda kununua bia. Nilimwimbia mhudumu mmoja na mbwa wa mwenye baa. Mbwa akatoka.

Tuko watatu tu pwani hii nzima ya kaskazini mwa Tasmania. Mimi, Merridy Cutts, muuza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jukwaani, Kapteni Clem. Kirrily Voss, msaidizi wa daktari wa mifugo. Jukwaani, Dokta Flint. Anadhani ananishinda kipaji. (Ananishinda. Hilo libaki humu.) Na Nerida Haines, miaka sabini na minne, aliyekuwa mfalme Melbourne kabla sisi hatujajua kwamba kuna kitu kama hicho. Alirudi hapa Burnie kumuuguza mama yake, asipande jukwaa tena. Katika mji aliozaliwa hajapanda hata mara moja. Mapafu yake yanakwisha. Anasema angependa mara moja tu, watu wakiwa wamekaa vitini na kutazama.

Kwa hiyo tunahitaji mahali petu. Ukumbi wa klabu ya mchezo wa kuviringisha matufe nyasini hauna kazi Jumapili alasiri. Una jukwaa. Una pazia. Wanachama wake ni wazee wa bandarini, wasiotaka makuu. Nimeandika barua kuomba ukumbi kwa ajili ya "Alasiri ya Kuwaenzi Mabwana wa Bandari". Si uongo. Sisi ni mabwana. Bandari ipo.

Jumatano, 6 Machi

Wamekubali! Katibu, Des Attwell, alinifuata mpaka dukani, kofia mkononi, macho yamelowa. Alisema baba yake alikuwa kuli miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kuwakumbuka watu wale. Atawaita wote waliobaki. Ataleta picha.

Nilitaka kumwambia. Kinywa kilifunguka kabisa. Nikamuuliza kama angehitaji rangi ya kuta.

Kirrily aliposikia alisema nirudi kwa Des leo leo nimweleze ukweli. Nikamjibu ukweli nao una msimu wake, kama maembe. Akasema Tasmania hakuna maembe.

Halafu akaliona tangazo nililochora. Uso wa Kapteni Clem umechukua karatasi nzima. Dokta Flint yuko chini pembeni, ukubwa wa stempu. Nilimweleza kwamba ni suala la nafasi.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa Nerida. Mazoezi. Ana mtungi wa oksijeni unaomfuata chumbani kwa magurudumu. Alinitazama nikitembea kama Kapteni Clem, mabega juu, kidevu mbele, akaniomba nikae.

Akasema, "Unamwiga mwanamume, Merridy. Acha. Mkumbuke mmoja."

Kisha akauchomoa mpira wa hewa puani, akavuka chumba. Hatua sita. Sijui niandike vipi. Hakuongeza kitu chochote. Bega moja lilishuka kidogo, mkono ukawa mzito, na mtu mwingine akawa amesimama pale dirishani: kijana aliyetoka kazini, amechoka, ana furaha yake ndogo asiyomwambia mtu. 

Alikuwa Alby, kaka yake. Alikufa bandarini mwaka sabini na tano, ana miaka ishirini na saba. Huko Melbourne watu walimpigia makofi miaka tisa bila kujua ni nani. Nerida hajamleta nyumbani.

Aliporudisha mpira puani na pumzi ikatulia, akaniuliza kama wale wa klabu wanajua tunakwenda kufanya nini.

Nikasema wanajua.

Akasema, "Basi vizuri, mwanangu. Maana kwa kuwashtukiza nisingeweza. Wengine walibeba jeneza lake."

Nimekaa kwenye gari nusu saa bila kuliwasha.

Jumanne, 12 Machi

Des alipiga simu. Watu arobaini. Kutakuwa na shada la maua na dakika moja ya kunyamaza. Mjane mmoja anatoka Smithton. Nilitafuta upenyo wa kusema. Akaanza kusoma majina ya marehemu. Humkatizi mtu anayesoma majina ya marehemu.

Mpango mpya: waanze wao na shada lao, sisi tuingie polepole. Kwanza suti. Kisha wimbo wa mabaharia. Watajikuta wanatupenda kabla hawajatambua. Ni kama kupaka rangi: ukutani hupaki mara moja nzito, unapaka nyembamba tatu.

Kirrily aliuliza tena kama nimemwambia Des. Akasema nisipofanya hivyo anajitoa, tena atamweleza Nerida kwa nini. Nikasema nimeshamwambia. Akanitazama kwa muda, kama anavyomtazama paka aliyekula sindano. Lakini aliniamini. Hilo ndilo linauma.

Nimeibadilisha ratiba pia. Mwisho wa onyesho, ile nafasi ya heshima, nimempa Kapteni Clem. Kirrily nimemweka baada ya chai, watu wakiwa bado wanatafuna.

Jumamosi, 16 Machi

Nimejaribu gundi mpya ya sharubu, iliyobaki dukani, inayoshika hata kwenye vigae. Imeshika. Sharubu zimetoka baada ya saa mbili na maji ya moto, zikaondoka na ngozi. Mdomo wa juu umevimba kama soseji. Siwezi kutamka herufi M wala B. Kapteni Clem anaimba juu ya bahari, mawimbi, mabaharia na mama.

Naona hata mwili wangu umechoka na uongo.

Jumapili, 17 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa nane mchana ukumbi ulijaa. Wazee wamevaa suti za mazishini, wake zao wameleta keki za nazi. Picha za makuli ukutani. Shada. Kimya. Mjane wa Smithton alilia bila sauti. Nilikuwa nyuma ya pazia, suti nyeupe, mdomo umevimba, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimewaita watu msibani ili wanipigie makofi.

Des akaja nyuma kutushukuru. Akamwona Kirrily na ndevu zake. Akaniona mimi. Akamwona Nerida kwenye kiti, nywele zimechanwa nyuma kwa mafuta, shati la kazi, mikono imekunjwa. Akauliza kwa upole hii ni nini. Kirrily akanigeukia, akaelewa palepale. Akanipa kisogo. Afadhali angenitukana.

Nerida akaniuliza, "Uliwaambia?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

Akafumba macho. Nilidhani ataomba apelekwe nyumbani. Badala yake akauchomoa mpira puani, akamwomba Kirrily mkono, akatoka mbele ya pazia.

Alisema, "Mimi ni Nerida Haines, wa Mtaa wa Terrace. Wengine tulisoma pamoja. Mmedanganywa, na mimi nimedanganywa. Sisi ni wanawake tunaoigiza wanaume, na hamkuja kwa hilo. Mlango uko wazi, hakuna atakayemlaumu anayetoka. Atakayebaki, nitamwonyesha mtu mmoja."

Kumi na mmoja waliondoka. Niliwahesabu kwa viatu, chini ya pazia. Mmoja alisema wazi kwamba ni laana. Wengine walibaki vitini.

Kisha akatembea. Hatua sita, zile zile. Akakaa pembeni ya sanduku, akafungua kibegi cha chakula ambacho hakikuwepo, akamkatia nusu ya mkate mwenzake, ambaye pia hakuwepo. Hakuimba. Hakukuwa na muziki. Akafuta shingo kwa kitambaa, akaangalia upande wa maji, akatabasamu kidogo.

Mzee mmoja wa mstari wa pili akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo ni Alby."

Akasimama. Mwingine akasimama. Kisha wote waliobaki, polepole, viti vikikwaruza sakafu. Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu mpaka pumzi ya Nerida ikamwishia na Kirrily akamdaka.

Mimi nilibeba mtungi wa oksijeni. Ndiyo kazi niliyoifanya jukwaani leo, na niliifanya vizuri.

Jumatano, 20 Machi

Nerida yuko hospitali tangu juzi. Niliruhusiwa dakika kumi. Mzee wa mstari wa pili alikuwa ametoka punde. Ameacha picha ya Alby akiwa juu ya magogo, anacheka.

Nilianza kuomba radhi. Akaniinulia kidole.

Akasema, "Ungeniuliza, ningekataa. Ningekufa sijamleta nyumbani. Kwa hiyo usidhani nitakushukuru, na usidhani nitakusamehe. Sijui lipi ni lipi. Kaa tu."

Nikakaa. Kabla sijaondoka aliniomba jambo moja: nisiandike barua tena. Nikamwahidi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ijumaa, 22 Machi

Des aliniita klabuni. Kamati imepiga kura: saba kwa watano. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ukumbi ni wa wafalme, na tangazo litabandikwa nje ya mlango, neno "wafalme" likiwa limeandikwa wazi. Wanawake wawili, mmoja kutoka Ulverstone, wameshauliza ndevu zinabandikwaje. Sharti ni moja. Msimamizi ni Kirrily, na mimi nisiguse karatasi.

Des alisema hana chuki nami. Alisema baba yake angecheka. Kisha akasema baba yake angenizaba kofi pia.

Kirrily amenipa kazi ya kupanga viti. Nimeikubali kwa unyenyekevu. Mimi ni mtu mpya. Nimeonja matunda ya hila na ni machungu. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumapili, 24 Machi

Nimewaza sana wakati wa kupanga viti. Mahali pamoja hapatoshi. Wynyard, mji jirani, hawajawahi kumwona mfalme hata mmoja, na ukumbi wa kanisa lao una taa nzuri kuliko zetu.

Ahadi kwa Nerida ilihusu barua. Hii ilikuwa fomu.

Nimeijaza: "Semina ya Afya ya Wanaume". Nimeweka jina la Kirrily, kwa kuwa ndiye msimamizi, na kwa heshima. Wamejibu saa hiyo hiyo. Wamefurahi mno. Wataalika wanaume sitini, na daktari wa kibofu atatoka Launceston na mashine yake.

Daktari si tatizo. Tutamweka baada ya chai.