Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Novemba
Mwalimu wangu wa hesabu, aliyenifundisha tangu nikivaa kaptula, anastaafu Ijumaa. Miaka hii tumefundisha shule moja. Mwalimu wa kemia kamnunulia saa ya ukutani. Saa! Mimi nitampa namba tasa, imechongwa kwenye kibao cha mbao. 1,000,001. Itazame tu! Nani ataigawanya?

Jumatano, 5 Novemba
Nimeijaribu kwa mbili, tatu, tano, saba, nikapanda hivyo hivyo hadi tisini na saba. Kila mara kinabaki kitu. Mkono umekufa ganzi. Mke wangu kaniuliza, kwani namba zimeisha? Nikamwambia iliyogoma hadi hapo haina mpango wa kukubali. Nikaenda kwa seremala.

Ijumaa, 7 Novemba
Aibu! Nimesimama mbele ya ukumbi mzima, nikatangaza kwamba namba hii haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kama upendo wetu kwake. Makofi. Mwalimu akakitazama kibao kitambo, kisha akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mia na moja uliijaribu?"

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: nilijaribu zote, Mwalimu, mia na moja ikiwemo, hadi elfu!

Mwalimu wa kemia akachomoa simu. Mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Kamili, bila baki! Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikifunika kibao kwa mtandio wake.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekwenda kuomba radhi. Nikapiga hodi kwa Mwalimu. Kanikaribisha chai. Akasema kukosea si neno. Kilichomuuma ni ule uongo, maana miaka yote alinipa alama kwa njia, si kwa jibu. Machozi yakanitoka. Alininong'oneza ili kunisitiri, nami nikajianika mwenyewe. Siku yake ya mwisho kazini, na watu watakumbuka kicheko tu. Baada ya tisini na saba, tasa inayofuata ni mia na moja. Hatua moja! Ningalijua!

Jumatatu, 10 Novemba
Mkuu wa shule anatafuta mtu wa kuzungumza siku ya wazazi. Mwalimu wa kemia kanyoosha mkono. Nikanyoosha miwili. Nitawaonyesha 10,000,001. Hii ni tasa kabisa! Nimeijaribu mpaka saba.