Hotuba ya Meya Boatwright Siku ya Kufungua Makumbusho ya Big Skillet

Ilitolewa Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014, saa nne na dakika arobaini asubuhi, katika uwanja wa kuegesha magari wa Kanisa la Mount Nebo, mjini Tuckabee, Alabama.

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Meya wa mji huu kwa kipindi cha nne. Mheshimiwa mke wangu. Waheshimiwa madiwani watatu mliofika, pamoja na yule wa nne aliyebaki kwenye gari lake kwa sababu ya kiyoyozi. Mchungaji Gadsden na mashemasi wako. Mama wa Kanisa, Bi Odessa Crenshaw, ambaye kofia yake inawazuia watu wa safu tatu kuniona. Mkuu wa Zimamoto. Bendi ya shule, hasa upande wa tarumbeta. Wadau, na wadau wa wadau. Na wewe, ndugu Raynard Pettway, unayejulikana dunia nzima, na hata Birmingham, kwa jina la Big Skillet: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa. (Makofi. Tarumbeta moja inalia kabla ya wakati wake.)

Tumekusanyika kuzindua Makumbusho ya Kimkakati ya Muziki wa Rap wa Kusini, mradi mtambuka ambao, kwa mujibu wa utafiti shirikishi nilioufanya ofisini kwangu baada ya chakula cha mchana, unaungwa mkono na asilimia mia moja na kumi na nne ya wakazi wote, wakiwemo waliohama, na ambao jengo lake hamwezi kuliona kutoka hapa kwa sababu limejificha kimkakati nyuma ya kile kinu cha zamani cha pamba. (Watu wanageuka kutazama kinu. Big Skillet, kutoka safu ya mbele: "Meya, gari langu liko wapi?")

Swali zuri sana, na lina kipengele chake, kipengele cha tisa. Sasa hivi tuko cha pili.

Kipengele cha pili ni historia. Mwezi Machi 1997 ndugu yetu alitoa kanda yake ya kwanza, Jumatatu Bila Maji, akaiuza kutoka kwenye buti la gari lake, Caprice ya zambarau, pale kwenye sehemu ya kuoshea magari ya marehemu kaka yake, Lavon. Wakati huo mimi nilikuwa Ofisa wa Kelele wa kaunti, na ndimi niliyemwandikia barua tatu za onyo, kwa hiyo wataalamu wanakubaliana kwamba mimi ni mtu wa kwanza duniani kuandika kuhusu muziki wake. (Kicheko. Sauti: "Na faini je, Meya?") Faini ilikuwa njia ya kumtia moyo.

Mwaka 1999 ikafuata Kambare wa Ijumaa, albamu iliyopigwa kutoka Mobile hadi Memphis, na ambayo wimbo wake wa nne unaanza na sauti ya simu ya ofisi yangu ikisema, "Tumefunga, piga kesho," maneno yanayorudiwa mara thelathini na mbili kwenye kiitikio. Ndugu wananchi, mimi ni msanii mshiriki. (Mke wa Meya anapiga makofi peke yake.)

(Bi Odessa: "Cornelius, mwanangu, jua linachoma na mimi nina miaka themanini na moja. Mrudishie mtoto gari lake.")

Nakusikia, Mama, na hoja yako imepokelewa, imesajiliwa, na itachakatwa. Lakini wageni wetu kutoka Montgomery wanaweza kushangaa kwa nini gari moja linaulizwa sana hivi, kwa hiyo naomba nitoe ufafanuzi wa kitaalamu. Hapa Tuckabee wimbo wa Skillet hautoki mjini mpaka upigwe ndani ya Caprice ile, buti likiwa limefungwa, na Bi Odessa, shangazi yake, akiwa amesimama nyuma akikitazama kibao cha namba. Kibao kikitetemeka, wimbo unatoka. Kisipotetemeka, unarudi studio. Na gari jingine halikubaliki, kwa kuwa masanduku ya spika zile Lavon aliyatengeneza kwa mkono wake, kiangazi kile kabla hajafariki. (Watu wanaitikia: "Kweli!" Mchungaji anavua kofia.) Mwaka 2006 mabwana wa kampuni yake ya muziki kule Atlanta walikuwa na haraka, jaribio likarukwa, albamu ikatoka hivyo hivyo, na ikadoda kiasi kwamba hata Bi Odessa, aliyepewa bure, aliirudisha.

(Bi Odessa: "Niliirudisha, na ningeirudisha tena.")

(Big Skillet anasimama, ameshika diski mkononi: "Meya, sikiliza. Nilikuazima lile gari miaka miwili iliyopita kwa ajili ya makumbusho yako. Hii hapa ni kazi ya miaka minane. Atlanta wamesema itoke Ijumaa hii au wanaifuta, na mimi bila kibao sitii saini. Nahitaji dakika nne tu. Nne!")

Nashukuru kwa mchango huo wa kihisia. Napenda kulihakikishia kusanyiko hili kwamba gari liko salama, limefunikwa vizuri, limewekwa mahali pa heshima, na hivi tunavyozungumza linabeba uzito mkubwa wa kiutawala kwa niaba ya mji wetu. Kuhusu makumbusho yenyewe, yatakuwa na ghorofa saba, lifti mbili za kupanda na moja ya kushuka, mgahawa wa kambare wa kukaanga na chai ya barafu, na sanamu ya shaba ya Meya akisikiliza muziki kwa makini. (Sauti: "Akiandika faini!" Kicheko kirefu.)

Sasa, kwa kuwa muda umetutupa mkono, naruka kipengele cha tatu hadi cha tisa na kuingia kwenye shukrani, ambazo ameniandalia mwandishi wangu, Bi Fontella Sykes, mwanamke mkweli kupita kiasi, na ambazo nazisoma kwa mara ya kwanza. Nawashukuru madiwani kwa kutopinga mradi huu, jambo lililokuwa rahisi kwa sababu haukuwahi kuletwa kwenye kikao. Namshukuru daktari wa meno ambaye kwenye kalenda yake tulikata picha ya jengo tuliyoiweka kwenye tangazo. Nakishukuru kinu cha pamba kwa kusimama mbele ya kiwanja kitupu. Na namshukuru fundi Otis Quarles wa karakana ya mji, ambaye jana, ilipobainika kwamba hatuna hata jukwaa, alilivuta lile gari lililokaa bure karakanani tangu 2012, akalizungushia kitambaa cha buluu, akapigilia ubao juu ya buti, akaunganisha kipaza sauti na betri yake, na kumsimamisha Meya hapo juu. Tuckabee oyee! Makumbusho juu! Juu za... (Meya anatazama chini ya miguu yake.)

(Big Skillet: "Otis. Niambie huyu mtu hajasimama juu ya Caprice yangu."

Otis: "Niliambiwa jukwaa, kaka. Mimi fundi tu. Funguo hizi hapa, na betri imejaa.")

Ndugu wananchi, naomba utulivu wa kitaasisi. (Kitambaa kinavutwa. Zambarau inaonekana. Bi Odessa anasaidiwa kuzunguka hadi nyuma ya gari, anainama. Diski inaingia. Besi inaanza. Kibao cha namba kimetulia tuli.)

(Bi Odessa: "Hakitetemeki."

Big Skillet anakaa chini kwenye lami: "Miaka minane, Shangazi."

Bi Odessa: "Ngoja kwanza. Cornelius, una kilo ngapi?")

Hizo ni takwimu za ndani.

(Bi Odessa: "Shuka kwenye buti.")

Mama, kiitifaki mgeni rasmi hashuki kabla ya kufunga hotuba, na hotuba hii bado ina... (Umati wote, pamoja na madiwani watatu: "Shuka! Shuka! Shuka!" Diwani wa nne anatoka kwenye gari lake ili naye apige kelele. Mheshimiwa anashuka, mguu mmoja baada ya mwingine. Kibao kinatikisika, kinapiga kelele kama sahani kwenye treni, skrubu moja inaruka.)

(Bi Odessa anainua mkono: "Itoke.")

(Watu wanacheza. Big Skillet amemkumbatia shangazi yake, kofia imeanguka. Meya, ambaye kipaza sauti chake kimekatika, anasikika kwa safu ya mbele tu.)

Ahsanteni. Kama mnavyojionea wenyewe, makumbusho yamefunguliwa.