Mlango wa Darasa la Kiingereza

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa, ilitangaza kwamba msongamano katika madarasa ya Kiingereza ya sekondari umekwisha kabisa. Hakuna tena darasa linalozidi wanafunzi arobaini na watano. Pale kijiweni, kwenye benchi la kahawa mbele ya karakana ya seremala, habari hiyo ilipokewa kwa heshima zote.

Seremala mwenyewe aligonga benchi mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ndivyo alivyogonga kila ubao kusikiliza kama umekauka, na bintiye, aliyekulia kwenye takataka za randa, alikuwa na tabia hiyo hiyo. Wateja walimbandika seremala huyo jina la Kesho, maana hakuna kitanda wala kabati alilowahi kulitoa bila kusema kwanza "njoo kesho asubuhi". Kazi ya shule tu ndiyo aliyoimaliza kwa wakati, na alikuwa bado hajachoka kuisimulia.

"Hapo mnamsikia nani?" aliuliza. "Si mimi huyo?"

"Tangu lini umekuwa serikali?" alihoji Spika. Huyu alikuwa karani mstaafu, na jina alipewa kwa sababu hakuna aliyezungumza pale bila ruhusa yake.

"Mkuu wa shule kapata waraka. Darasa lina watu tisini, waraka unataka arobaini na watano. Akaniita. Nikapiga ukuta wa mbao katikati. Asubuhi darasa moja, jioni mawili."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

"Wa hilo la pili."

Kesho alifikiri kidogo. "Waraka haukutaja mwalimu."

Spika aliafiki. Alisema waraka usipotaja kitu, kitu hicho hakipo, na yeye amezeekea ofisini, anajua. Mama Birika akasema basi naye ataweka kibao katikati ya birika, kahawa iwe mara mbili.

Wakati huo Ticha akatokea, chaki mpaka kwenye nyusi, sauti imemkauka. Ndiye mwalimu pekee wa Kiingereza wa kidato kile. Aliketi, akapokea kikombe, akamtazama Kesho bila kinyongo.

"Fundi, ule ukuta wako hauna mlango."

"Kila upande una mlango wake wa nje, Ticha."

"Ndiyo, lakini mimi ni mmoja. Nikiwa upande huu, wa upande wa pili wananisikia juu ya mbao tu. Nimekuwa redio."

"Redio ina heshima yake," alisema Spika.

Wakacheka. Kesho naye alicheka, ila moyoni kulimchoma kitu. Binti yake alikuwa upande huo wa pili, na mtihani wa kuzungumza Kiingereza ulikuwa mwisho wa muhula. Nyumbani mtoto yule anaongea mpaka mama yake anaomba poo. Darasani hajafungua mdomo tangu siku alipokosea neno moja, watoto tisini wakaangua kicheko. Na sasa baba yake, kwa misumari yake mwenyewe, amemfungia mbali na mwalimu.

"Hao wa upande wa pili," aliuliza taratibu, "wanafanya nini?"

"Hilo ndilo linalonichanganya. Hawa ninaowaona wamekaa wima, wananikodolea macho, nusu yao wamelala hivyo hivyo. Nikiuliza swali, kimya. Jibu linatoka ng'ambo ya mbao."

"Anajibu nani?"

"Nitamwonaje? Wamekula njama wasitajane. Nikiuliza nani kasema, wanaitika wote: 'Ukuta, mwalimu.'"

Spika alitoa hoja kwamba ukuta huo upewe cheti. Ticha alikuwa bado anawaza.

"Kuna mmoja, sauti ya kike. Kabla ya kujibu anagonga mbao mara mbili. Jana kakosea sentensi, kacheka mwenyewe, kaianza upya mpaka ikanyooka. Miaka yote hii ya kufundisha watu tisini, sauti ile sijapata kuisikia."

Kesho aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Furaha ilimjaa mpaka akaogopa kuwaonyesha uso. Mama Birika aliona, akamwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

Spika akataka kujua basi malalamiko yako wapi.

"Sina malalamiko, nimetumwa," alisema Ticha. "Mkaguzi anakuja. Mkuu anataka ukuta ukatwe mlango katikati, nisimame pale, nione pande zote mbili."

"Nao wakuone," alisema Kesho kutoka chini ya benchi.

"Nao wanione."

"Na hawa wa upande wako, wale wa kucheka, wawaone wenzao."

"Wataonana wote, ndiyo."

Kesho akainuka, akapangusa vumbi la mbao magotini, akakaa.

"Sasa nikamwambie nini mkuu?" aliuliza Ticha. "Mlango lini, fundi?"

Kesho aligonga benchi mara mbili.

"Mwambie aje kesho asubuhi."

Ticha, ambaye alikuwa akingoja kabati lake la vitabu kwa fundi huyo huyo tangu mwaka juzi, alimwelewa vizuri sana. Akaomba kikombe cha pili.